Seli Tatu za Kufuli

Kila tunapokutana hapa London, Stratford harusini au Hayes msibani, hujitokeza kijana mmoja miongoni mwenu akaniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile. Nikimjibu kwamba nilikuwa mhandisi wa chipu, huitikia kwa adabu, kisha hunionyesha simu yake iliyopasuka kioo. Simlaumu. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikuruhusiwa kusema zaidi ya neno hilo moja, na watu wasipoambiwa jambo hulijaza wenyewe. Tottenham tulikokuwa tukikaa iliaminika kwamba mimi ni fundi wa televisheni. Nyingi zilipandishwa ngazi hadi mlangoni kwangu. Mbili nilifanikiwa kuzifufua kwa kubadili fyuzi iliyomo ndani ya plagi, na hizo mbili ndizo zilizoniharibia, kwa kuwa baada yake hakuna aliyekubali niliposema sijui.

Sasa nimestaafu, na sehemu ya mambo yale ninaweza kuyasema. Sitaitaja kampuni, wala aina ya helikopta, wala uwanja. Nitaeleza namna kazi yenyewe inavyokwenda, na kosa moja nililolifanya mimi, ambalo lingeweza kumkata mtu vidole au kumuunguza uso. Wale mnaosomea uhandisi someni polepole. Wengine someni mpendavyo.

Chipu ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa na kazi yake tayari, kama kisu au kijiko. Chipu tulizoshughulika nazo sisi hutoka zikiwa hazijui kitu. Ndani yake mna maelfu ya seli, kila seli ikiweza kushika jibu moja tu, ndiyo au hapana, na njia za kuziunganisha ambazo bado hazijaamuliwa. Mhandisi huandika, kwa lugha yenye sarufi kali kuliko ile ya Kiarabu aliyonichapia marehemu baba yangu kule Kisarawe, ni seli ipi iungane na ipi, na kwa sharti gani. Maandishi hayo hukabidhiwa programu ya kompyuta ambayo hapa nitaiita mjenzi, nayo huyageuza kuwa saketi ndani ya chipu. Mjenzi ni mtumishi hodari, mtiifu, na bahili kupita kiasi. Akiona seli mbili zinazofanya kazi moja, huiondoa moja ili kuokoa nafasi. Mara tisini na tisa kati ya mia utamshukuru.

Kifaa chetu kilikaa ubavuni mwa helikopta. Kombora linalofuata joto likirushwa, kifaa kilitema fataki za moto mkali, na kombora likazifuata hizo badala ya injini. Ni kifaa cha kuokoa watu, na nilipendelea kukifikiria hivyo, ingawa sikuwahi kujidanganya kwamba jengo zima lilikuwa na shughuli hiyo tu. Sasa basi, fataki hizo hupakiwa kwa mikono. Fundi wa uwanjani husimama ardhini, uso wake ukiwa kiasi cha dhiraa moja kutoka kwenye matundu, akazisukuma moja baada ya nyingine. Vizuizi vya kuzuia zisiwake wakati huo ni kadhaa: kuna pini, kuna swichi, na cha mwisho kabisa kilikuwa kufuli niliyoiandika mimi ndani ya chipu.

Kufuli hiyo ilikuwa na seli tatu, zote zikishika jibu lile lile, imefungwa au imefunguliwa, na hukumu ikifuata wingi: mbili dhidi ya moja. Sababu yake ni kwamba seli hudanganyika. Chembe kutoka angani, au mshtuko wa umeme kutoka kwenye rada iliyo jirani, huweza kuigeuza seli bila mtu yeyote kugusa kitu. Ikigeuka moja, mbili zilizobaki huishinda. Kama seli ni moja tu, hakuna wa kuishinda. Kwa hiyo katika kitabu cha mafundi wa uwanjani iliandikwa sentensi moja, nami nikaitia saini: hakuna hitilafu moja pekee inayoweza kuifungua kufuli hii.

Aliyenifundisha kusoma alikuwa Leonard. Nasema kusoma kwa makusudi, kwa maana kuandika nilikuja nako kutoka chuoni. Nilipoajiriwa alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa sweta ile ile majira yote manne. Ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina tupu, nikawa namwita "Bwana" kwa miezi mitatu. Siku moja akageuka kwenye kiti.

"Ukiniita Bwana mara moja zaidi," akasema, "nitadhani nimekufa na wewe ndiwe unayesoma wasifu."

Tangu hapo nikamwita Leonard kwa mdomo na Mzee Leonard moyoni. Mpango huo ulituridhisha sote wawili, hasa kwa kuwa yeye hakuujua.

Kila mjenzi amalizapo kazi yake hutoa orodha ya maonyo. Si makosa, kosa lingemsimamisha. Ni mambo aliyoyaona na kuyaamua mwenyewe, na anakuarifu tu. Huwa ni maelfu. Leonard aliyachapisha yote kwenye karatasi kila Jumatatu, akaweka rula ya chuma chini ya mstari wa kwanza, akausoma, akaishusha rula. Wahandisi vijana walipita nyuma yake wakikonyezana. Mimi nilimuuliza wazi.

"Unayahitaji yote haya?"

"Hapana. Nahitaji moja."

"Lipi?"

"Ningelijua," akasema bila kuinua macho, "ningekuwa nimekwenda kunywa chai."

Alipostaafu aliniachia rula. Niliiweka kwenye droo. Mwaka uliofuata niliandika programu ndogo ya kuchuja maonyo: yale ya aina tuliyoizoea iliyaficha, yakabaki machache ambayo mtu angeweza kuyasoma akiwa amesimama. Aina mojawapo niliyoificha ilikuwa ile inayosema kwamba seli fulani zinafanana na moja imeondolewa, kwa kuwa ubahili huo, kama nilivyosema, ni neema karibu kila mahali. Nilisifiwa katika kikao. Chujio langu likaenea idara nzima.

Hapa sina budi kumleta Kabula, mwanamke aliyekuwa mkaguzi wa chipu zangu.

Mimi ni Mzaramo, Kabula ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujazaliwa. Nyinyi mliokulia hapa, mnaotusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza, huenda mnauona utani kuwa ni matusi ya wazee. Si hivyo. Ni haki yenye mipaka iliyo wazi: mtani aweza kukwambia lolote, mahali popote, hata mbele ya jeneza la mzazi wako, nawe huruhusiwi kununa. Kwamba watani wawili wangekutana ndani ya jengo lenye milango ya chuma magharibi mwa London, kila mmoja na beji shingoni, ni jambo ambalo hakuna aliyelipanga, lakini tulilitumia ipasavyo.

"Mzaramo, umekuja kazini?" angesema akiweka trei yake mezani kwenye kantini. "Kwani ngoma ya Kisarawe imeahirishwa?"

"Nimekuja kumpokea mpagazi wangu. Mzigo wa pembe uko wapi?"

"Niliutua kwa babu yako. Nilimkuta amelala chini ya mnazi, anasubiri nazi imwangukie ili asipande."

Tulicheka kwa sauti iliyowatia wenzetu wasiwasi. Mwishowe ofisa usalama, kijana mwenye heshima, alikuja kuuliza ni mambo gani tunayozungumza kwa lugha isiyojulikana. Nilimweleza kwa ukamilifu kwamba babu zake Kabula walikuwa wapagazi, babu zangu walikuwa wavivu, na kwamba tunakumbushana kila siku ili tusisahau. Aliuliza kama mmoja wetu angependa kuwasilisha malalamiko. Kabula akasema ndiyo, anawalalamikia Wazaramo wote. Ofisa akaandika kitu, akakifuta.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulizungumza kamwe, nalo ni chipu. Kanuni ya kazi yetu ilimkataza mkaguzi kumuuliza mbunifu kitu kwa mdomo, na ilimkataza mbunifu kumweleza. Sababu yake ni nzuri kuliko inavyosikika. Nikikueleza chipu yangu, utaielewa kwa njia yangu. Na ukiielewa kwa njia yangu, utapotea pale pale nilipopotea mimi. Kwa hiyo mkaguzi hupewa masharti ya kifaa na chipu iliyojengwa, akaachwa peke yake. Akiwa na swali huliandika kwenye karatasi, karatasi hupita ofisi ya mradi, nayo hugawiwa saa nane mchana. Kwa miaka tisa tulikula pamoja, tukajuana hadi majina ya shangazi, na juu ya jambo lililotulipia chakula hicho hatukusemezana neno.

Kisa chenyewe kilianza na taa. Mafundi wa uwanjani waliomba taa ya kijani iliyo kwenye kifaa iwe inapepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, waione vizuri juani. Badiliko dogo kuliko hilo sijapata kuliona. Nilirekebisha mistari mitatu, nikamwita mjenzi. Lakini wiki hizo tulikuwa tumehamia kwenye kompyuta mpya zenye toleo jipya la mjenzi, na amri ya kumkataza mjenzi asiziguse zile seli tatu za kufuli haikuwa ndani ya maandishi yangu. Ilikuwa kwenye faili la pembeni, faili la mipangilio, na faili hilo lilibaki kwenye kompyuta ya zamani. Mjenzi akaona seli tatu zinazofanana. Akafanya alivyoumbwa kufanya.

Majaribio ya mwigo, yaani ya kuigiza kazi ya chipu ndani ya kompyuta, yalifaulu yote, na msishangae: mwigo husoma maandishi, hausomi chipu. Katika maandishi seli zilikuwa tatu. Nilitazama maonyo yaliyobaki baada ya chujio. Yalikuwa saba, hayakuwa na maana. Nikatia saini. Kwa kuwa badiliko lilihesabiwa kuwa dogo, kanuni iliruhusu vifaa vitangulie na ukaguzi ufuate. Vifaa sita vikaenda uwanjani, vikafungwa kwenye helikopta, na watu wakaanza kuvipakia.

Jumanne moja Kabula aliketi mbele yangu kantini na trei yake. Nikaanza kama ada.

"Mnyamwezi, leo umebeba nini? Naona mgongo umepinda."

"Wali una chumvi," akasema.

"Chumvi hiyo mlitubebea nyinyi kutoka Uvinza. Mmesahau kuitua?"

Akakata kipande cha kuku, akakitazama, akakiacha.

"Kula, Pazi," akasema.

Miaka tisa mwanamke huyu hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu. Nilikuwa Mzaramo, nilikuwa mkwea minazi, nilikuwa ndugu yake na usingizi. Pazi nilikuwa kwa mke wangu, kwa meneja wetu na kwa ofisi ya mishahara. Nilimtazama, naye akatazama sahani. Sikuruhusiwa kuuliza na hakuruhusiwa kusema, na kati ya watu wote mliopata kuwajua, sisi wawili tungekuwa wa mwisho kuivunja kanuni hiyo. Tulimaliza chakula. Ilikuwa saa saba na nusu. Sikumbuki nusu saa nyingine ndefu kama ile.

Saa nane karatasi ikafika. Ilikuwa na sentensi tatu. Seli za kufuli kwa mujibu wa masharti: tatu. Seli za kufuli zilizoonekana ndani ya chipu iliyojengwa: moja. Tafadhali eleza.

Nililizima chujio langu, nikachapisha maonyo yote, nikafungua droo na kutoa rula ya chuma. Ilinichukua chini ya saa moja. Onyo lilikuwa mstari mmoja tu, lenye adabu kabisa: seli hizi zinafanana, mbili zimeondolewa. Mjenzi alikuwa ameniambia. Mimi ndiye niliyeajiri mtumishi wa pili wa kuniziba masikio.

Karatasi ya mkaguzi ina visanduku vitatu ambavyo mbunifu hutakiwa kuchagua kimoja: kasoro ya hati, kasoro ya utendaji, kasoro ya usalama. Ukichagua cha kwanza, jambo husubiri toleo lijalo, nalo lilikuwa miezi saba mbele. Ukichagua cha tatu, taarifa huenda uwanjani saa hiyo hiyo, upakiaji husimama, na helikopta hukaa chini. Jibu lilitakiwa kabla ya jengo kufungwa jioni.

Graham, meneja wa mradi, alikuwa amekwisha kuiona karatasi. Alikuja na kiti chake mwenyewe, jambo alilolifanya alipotaka kuwa mpole.

"Pazi, kufuli inafunga?"

"Inafunga. Kwa seli moja."

"Kuna jaribio lolote lililoshindwa?"

"Hakuna."

"Kabla ya kufuli yako kuna pini na swichi."

"Zipo."

"Kwa hiyo hati inasema tatu na chipu inasema moja. Mimi naona hati na chipu hazikubaliani. Hiyo ni kasoro ya hati." Akatabasamu kwa uchovu, si kwa ujanja. "Tutazipatanisha kwenye toleo lijalo. Unajua zikirudi zote sita itakuwaje."

Nilijua. Ningependa kuwaambia kwamba hoja ile ilikuwa ya kipumbavu, lakini haikuwa. Uwezekano wa seli ile moja kugeuka, katika dakika zile zile ambazo pini imesahauliwa na swichi imeharibika, ulikuwa mdogo sana. Niliukadiria mwenyewe, na nikajikuta naukadiria mara ya pili kwa matumaini kwamba utapungua. Kumbukeni pia kwamba nilikuwa mzaliwa wa ng'ambo katika kazi ambayo hupewi beji mpaka wamekuuliza juu ya kila binamu. Kosa langu si kwamba lingenifukuzisha. Lakini lingekuwa ndilo jambo la kwanza watu kulitaja jina langu litajwapo.

Nilitoka kwenda kunyoosha miguu uani, nikamkuta Kabula amesimama na kikombe cha chai.

"Mnyamwezi," nikasema.

"Umepata karatasi?"

"Nimepata."

"Ina maandishi?"

"Inayo."

"Basi. Baba yako si alikuwa mwalimu? Soma." Akanywa chai. "Mimi nimehesabu, kazi yangu imekwisha. Sitakufundisha pa kutia alama."

"Sikukuuliza."

"Ulikuja mpaka hapa bila koti, na baridi hii, kutazama ndege?" Kisha, akiwa anaondoka, akasema kama mtu anayejisemea: "Mficha uchi hazai."

Hiyo ni methali, na methali si mazungumzo juu ya chipu. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile na sioni kwamba kanuni ilivunjwa.

Nilirudi mezani. Sikuifikiria methali, wala helikopta. Nilikitoa rafuni kile kitabu cha mafundi wa uwanjani, nikaitafuta sentensi niliyoitia saini. Hakuna hitilafu moja pekee inayoweza kuifungua kufuli hii. Kuna watu sita au saba ambao sikuwajua, ambao kila asubuhi walipeleka nyuso zao kwenye matundu yale kwa kuiamini sentensi ile, na sentensi ile ilikuwa ya uongo. Baba yangu alikuwa na mwanafunzi aliyesoma vizuri kila neno isipokuwa moja, akaomba asamehewe lile moja. Baba akamwambia kwamba aliyesikia hakusikia maneno mengine, alisikia lile. Nilitia alama kwenye kisanduku cha tatu. Graham alikuwa bado ameketi pale. Aliitazama alama, akachukua kiti chake, akaenda nacho.

Upakiaji ulisimama jioni ile ile. Kwa wiki mbili Graham aliniambia "habari za asubuhi" na si zaidi. Uongozi wa mradi uliofuata, ambao niliutarajia mimi, akapewa mtu mwingine, na faili langu likaongezewa ukurasa. Lakini kesho yake tu baada ya kutia alama ile, kantini, Kabula aliweka trei mezani na kuketi.

"Nasikia Mzaramo amejifunza kuhesabu," akasema. "Amefika tatu. Mwakani tutamjaribu nne."

Sikuwahi kutukanwa nikafurahi vile.

Sasa niwape yale yaliyo na faida kwa mnaoingia kazini. Amri yoyote inayolinda maisha ya mtu iandikeni ndani ya maandishi yenyewe, si kwenye faili la pembeni. La pembeni husahaulika siku ya kuhama. Msiamini mwigo kwa jambo ambalo mwigo haulioni. Kila mjenzi amalizapo, zihesabuni seli zenu muhimu ndani ya chipu iliyojengwa, na muiachie kompyuta kazi hiyo ya kuhesabu, kwa maana haichoki. Chujio si dhambi, na leo mna zana za kuchuja ambazo Leonard asingeziota. Lakini anayechuja aandike kila alichokificha na kwa nini, na mtu mwingine akisome. Na jaribuni uongo: ifanyeni seli moja ndani ya chipu halisi iseme uongo kwa makusudi, mwone kama zile nyingine zitaishinda. Sisi hatukuwa tumelifanya jaribio hilo, kwa kuwa tulijua jibu lake.

Wiki tano baadaye chipu mpya ilikuwa tayari, na nikatumwa uwanjani pamoja na Graham na watu wengine watatu kuionyesha. Aliyetupokea ndani ya banda la helikopta alikuwa sajini mmoja, mwanamke mfupi mwenye nywele fupi na mikono iliyojaa makovu madogo ya kazi. Yeye ndiye aliyeongoza mafundi wa upakiaji. Alisalimiana na wote, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyeandika kufuli?"

"Mimi."

"Ile ya zamani au hii?"

"Zote mbili."

Akafikiri kidogo. "Nimepakia kwa ile ya zamani mara kumi na moja."

"Najua. Nimesoma daftari lenu."

"Na hakikutokea kitu."

"Hakikutokea."

"Kwa hiyo umetuweka chini wiki tano kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea."

"Ndiyo," nikasema.

Graham alikohoa. Sajini hakumgeukia.

"Haya, nionyeshe," akasema.

Tulianza na fataki bandia, zisizo na baruti. Niliunganisha kompyuta yangu kwenye kifaa, nikailazimisha seli ya kwanza idai kwamba kufuli iko wazi. Kufuli ikabaki imefungwa. Nikafanya hivyo kwa seli ya pili, kisha ya tatu. Sajini akaniomba nisogee, akaketi mwenyewe, akaanza kubofya kwa mpangilio wake: ya tatu, ya kwanza, ya tatu tena, ya pili, mara tano mfululizo ile ile. Kisha akazigeuza mbili kwa pamoja, kufuli ikafunguka, na taa nyekundu ikawaka. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alitaka kujua panapovunjika, nami nilimheshimu kwa hilo.

Zikaletwa fataki za kweli. Kanuni ya banda iliwataka wote wasio na kazi wasimame nyuma ya mstari wa manjano, mbali kidogo. Graham na wenzake wakarudi nyuma. Nami nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Wewe unakwenda wapi?" sajini akauliza.

"Nyuma ya mstari."

"Nahitaji mtu wa kunishikia trei. Kanuni inaniruhusu mmoja." Akanipa glavu na ngao ya uso. Mafundi wake wawili waliokuwa karibu walitazamana.

Nilivaa. Nikasimama kando yake, trei mikononi, uso wangu sambamba na matundu. Zilikuwa fataki thelathini, kila moja na unene wa mche wa sabuni. Ya kwanza aliisukuma polepole, jicho lake moja likiwa kwangu. Ya pili vivyo hivyo. Nadhani alitaka kuona mikono yangu inafanya nini. Niliisogeza trei karibu naye kila fataki ilipotoka, apate kuifikia inayofuata. Alipofika ya saba au ya nane aliacha kunitazama. Ya kumi na mbili alianza kulalamika kuhusu chai ya mashine iliyofungwa kwenye banda lao, kwamba ina ladha ya supu, akazisukuma kwa kiganja kama mtu anayefunga droo za jikoni.

Trei ilipokwisha aliichukua mikononi mwangu bila kuniangalia, akaiweka sakafuni.

"Lete nyingine," akasema.